Mtumishi wa Pembeni

Msomaji, ukiingia katika ofisi yoyote utaona kwamba kila kitu cha thamani kina mlinzi wake. Fedha zimo katika kasha la chuma. Hati za ardhi zimo katika kabati lenye kufuli. Muhuri wa mkuu wa ofisi umo katika mtoto wa meza, na ufunguo wa meza umo mfukoni mwake. Lakini pembeni mwa chumba, karibu na dirisha, yupo mtumishi mmoja ambaye hati zote hizo hupita mikononi mwake kabla ya kufungiwa. Yeye huona barua kabla ya mwandikiwa, huona mshahara kabla ya mlipwaji, na huona mtihani kabla ya mtahiniwa. Aghalabu hana mlinzi wala kufuli. Mtumishi huyo ni printa.

Nataka kukueleza jinsi nilivyojifunza kumchunguza mtumishi huyo, na jinsi kosa langu mwenyewe lilivyokaribia kumharibia mtu mwema jina lake. Si habari ya kujisifu. Naieleza kwa sababu wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mtafanya kazi katika ofisi, na baadhi yenu mtatunza mashine zake. Heri kujifunza kwa kosa la mwingine, maana karo yake ni ndogo.

Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza kompyuta na mashine za ofisi. Naifanya Tala, mji wa soko ulio katika Matungulu, kaunti ya Machakos, kando ya barabara itokayo Nairobi kwenda Kangundo. Siku ya soko watu hufurika kutoka kila upande wakiwa na mahindi, maharagwe, maembe, kuku na mbuzi, na kelele za makondakta wa matatu hufunika sauti za wauzaji. Lakini kando ya soko hilo liko soko jingine lisilopiga kelele. Ni vibanda vya saiba. Humo mkulima huleta hati ya shamba itolewe kopi, kijana huchapisha barua ya kuomba kazi, mama huchapisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, na mgonjwa huleta karatasi za hospitali. Kila mmoja hutazama karatasi yake ikitoka, hulipa shilingi zake, akaenda zake. Hakuna aulizaye mashine imebaki na nini.

Mimi pia nilikuwa sijiulizi. Miaka kadhaa iliyopita shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja, ilinunua mashine kubwa ya kuchapa, kutoa kopi na kuskani. Ilikuwa ya mtumba. Ilikwisha kufanya kazi ng'ambo kabla ya kuletwa kwetu. Aliyeifunga ni mimi. Niliiunganisha na mtandao wa shule, nikajaribu karatasi moja, ikatoka safi kama mpya. Mwalimu Mkuu alifurahi, nami nikafurahi kwa furaha yake.

Mashine hiyo ilikuwa na neno la siri la kiwandani. Neno la namna hiyo huandikwa katika kitabu cha maelezo ya mashine, na kitabu chenyewe kimo katika intaneti, kikingoja kusomwa na mtu yeyote duniani. Nilijua kwamba yafaa kulibadilisha. Nilisema moyoni, "Nitalibadilisha nikirudi." Kisha nikaandika anwani ya mashine juu ya kipande cha karatasi, nikakibandika ubavuni mwake ili walimu wasisumbuke kuitafuta. Nikapokea malipo yangu nikaenda. Sikurudi.

Mwaka uliofuata mtihani wa hisabati wa mwisho wa muhula ulionekana mikononi mwa wanafunzi siku mbili kabla ya siku yake. Shule ilitaharuki. Aliyeuchapa mtihani alikuwa mtu mmoja tu, mama karani, aliyeitumikia shule hiyo zaidi ya miaka 20. Yeye ndiye aliyekuwa na faili, na yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ofisi. Hakuna aliyemwita mwizi kwa kinywa, lakini aliambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi umalizike. Katika mji mdogo, mtu akiambiwa akae nyumbani, hukumu yake hutembea sokoni kabla yake.

Niliitwa nikaichunguze kompyuta yake, nione kama alikuwa ameutuma mtihani nje. Nilimkuta amesimama karibu na lango la shule, amejitanda leso mabegani kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mwaitu," maana kwa Kikamba ndivyo tumwitavyo mama. Aliitikia, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, sikuombi unitetee. Nakuomba utazame vizuri."

Nilitazama kompyuta yake kwa saa tatu. Sikuona barua iliyotumwa, wala kidude cha kubebea faili kilichochomekwa siku zile. Hilo halikumtoa katika shaka, kwani mtu aweza kutoa karatasi kwa mkoba wake. Nilitaka kuchapa taarifa fupi ya kusema kwamba sikuona kitu, nikaenda kwenye mashine kuichukua. Hapo ndipo nilipoona ubavuni mwake kile kipande cha karatasi. Kilikuwa kimefifia, lakini mwandiko ulikuwa wangu.

Nilisimama kitambo. Kisha nilimwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kuijaribu mashine, na nikamwomba aje anishuhudie. Tulikwenda katika chumba cha kompyuta cha wanafunzi, kilicho jengo jingine. Nilikaa penye kiti cha mwanafunzi, nikaandika ile anwani. Mashine ikafungua ukurasa wake kwa upole, kama mwenyeji amfunguliavyo mgeni. Ikaniuliza jina na neno la siri. Nikaandika yale ya kiwandani. Ikanikaribisha ndani.

Humo mlikuwa na orodha ya hati. Mama karani alipouskani mtihani ili utolewe kopi nyingi, mashine iliuweka katika hifadhi yake upate kuchapwa tena pasipo taabu. Haikuwa imemwambia, naye hakuwa na njia ya kujua. Mtihani wa hisabati ulikuwapo, na tarehe yake. Ilikuwapo pia orodha ya mishahara ya wafanyakazi, na barua ya mzazi aliyeeleza ugonjwa wa mtoto wake. Nilifunga macho nisisome zaidi. Katika daftari la kazi za mashine iliandikwa kwamba hati ya mtihani ilichukuliwa usiku, wakati wa masomo ya jioni, na kompyuta mojawapo ya chumba kile kile tulimokuwa tumekaa.

Msomaji, labda utauliza, mashine ya karatasi yawezaje kufanya hayo? Jibu ni kwamba printa ya leo si mashine ya karatasi tu. Ni kompyuta kamili iliyovaa mavazi ya mtumishi. Ina akili na kumbukumbu, na zile kubwa huwa na diski kama iliyomo katika kompyuta ya mezani. Tena ina milango yenye namba, ambayo kwayo husikiliza kazi kutoka katika mtandao. Mlango 9100 hupokea maneno na kuyachapa moja kwa moja, na katika mashine nyingi hauulizi mletaji ni nani. Mlango 515 na mlango 631 hupokea kazi kwa taratibu nyingine. Mlango 80 hufungua ukurasa wa kuiongoza mashine, ndio ule nilioupita mimi. Nyingi za taratibu hizi zilibuniwa zamani, wakati ambapo mtu aliyeufikia mtandao wa ofisi alihesabiwa kuwa mtu wa ofisi. Zama hizo zimepita, lakini milango imebaki.

Usidhani kwamba maradhi haya ni ya shule za mashambani tu. Novemba 2018 mtu mmoja aliyejificha nyuma ya jina la bandia aliagiza printa zipatazo 50,000 katika nchi mbalimbali zichape tangazo la kumsifu mwigizaji wa YouTube. Hakuvunja kitu. Alitafuta mashine ambazo mlango wake wa 9100 ulikuwa wazi kwa dunia nzima, akatumia programu kuzipelekea maneno. Watu waliokota karatasi hizo maofisini mwao wakacheka. Walipaswa kuogopa, maana aingiaye kuleta mzaha angeweza kuingia kwa jambo jingine.

Mwaka 2010 kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kilinunua mashine nne zilizotumika za kutoa kopi kutoka ghala moja la New Jersey, kikazitoa diski na kuzisoma. Katika diski hizo zilionekana hati za polisi wa mji wa Buffalo, hati za mishahara, na kurasa za habari za wagonjwa zilizotoka kampuni ya bima ya afya. Wenye mashine walikuwa wameziuza kama chuma kikuukuu, kumbe waliuza na siri za watu. Mwaka 2013 kampuni hiyo ya bima ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola 1,215,780 kwa sababu ya diski zile. Kumbuka kwamba mashine nyingi za namna hiyo, zikichoka huko, husafirishwa zikauzwa kwetu. Baada ya tukio la shule nilianza kuzitazama mashine za mtumba zipitazo mikononi mwangu, na katika moja nilikuta kitabu cha anwani chenye majina ya wafanyakazi wa ofisi ya mbali, watu ambao hawatajua kamwe kwamba majina yao yalifika Tala.

Kisa kingine ni kikubwa zaidi, nacho chaonyesha hatari ya kumdharau mtumishi wa pembeni. Katika Benki Kuu ya Bangladesh mjini Dhaka palikuwa na printa iliyochapa usiku na mchana taarifa za fedha zilizoingia na kutoka. Ijumaa, tarehe 5 Februari 2016, wafanyakazi walikuta printa haifanyi kazi. Walidhani ni hitilafu ya kawaida, kwani ni printa gani isiyokwama? Kumbe wezi walikwisha kuingia katika kompyuta za benki, wakaizuia printa isitoe karatasi ambazo zingewafichua. Usiku uliotangulia walikuwa wamepeleka kwa benki ya New York maagizo 35 ya kutoa karibu dola milioni 951. Maagizo mengi yalizuiwa. Dola milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka zilirudishwa kwa sababu neno moja liliandikwa kwa makosa. Lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino, na sehemu kubwa ikapotelea huko. Wezi walielewa thamani ya printa ile kuliko wenyewe walioipita kila siku.

Wahenga wetu walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Sisi hutafuta adui mbali, tukajenga ukuta na kuweka askari langoni. Printa haiogopwi, kwa kuwa hutupa tunachotaka na hukwama tunapokuwa na haraka. Huko kuzoewa ndiko kunakoifanya iwe hatari.

Turudi shuleni. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, kimya. Mbele yangu palikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema kwamba mashine za mtumba zina ila nyingi, naye angeamini, maana hakuwa na ujuzi wa mambo hayo. Mama karani angeokoka, na mimi ningebaki na jina langu na kazi yangu. Njia ya pili ilikuwa kusema kweli yote. Sitakudanganya kwamba nilichagua mara moja. Nilikumbuka ada za watoto wangu. Kisha nikakumbuka yale maneno ya langoni, "Nakuomba utazame vizuri." Nusu ya kweli haikuwa kutazama vizuri.

Nilimwambia, "Mwalimu, mlango huu uliachwa wazi na mimi. Neno la siri nilipaswa kulibadilisha siku ile ya kwanza. Na anwani mliyoiona imebandikwa, mwandiko ni wangu." Alinyamaza muda mrefu. Mwishowe alisema, "Basi mama amekaa nyumbani wiki mbili kwa ajili yako." Nikasema ndivyo. Siku ile niliifunga milango yote ya mashine pasipo malipo. Shule ikatafuta fundi mwingine, nami sikuwa na neno la kulalamika.

Mama karani alirudishwa kazini mbele ya mkutano wa walimu, akaombwa radhi. Vijana wawili waliochukua mtihani walipatikana. Mmoja alijitetea kwa maneno ambayo sijayasahau: "Hatukuvunja chochote. Palikuwa wazi." Alikuwa kijana mwerevu, pengine mwerevu kuliko wenzake wote, na ninamwandikia yeye na walio kama yeye. Mlango ulio wazi si ruhusa. Jirani akisahau kufunga nyumba yake, mbuzi wake hawajawa wako. Sheria ya nchi yetu kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, ya mwaka 2018, yasema kwamba kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa, na adhabu yake yaweza kufika shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka mitatu, au yote mawili. Mchunguzi na mwizi huweza kupita njia moja na kugusa milango ile ile. Hutofautiana katika mambo mawili: mchunguzi huomba ruhusa kabla ya kugusa, na akisha kuona hutoa taarifa kwa mwenye mali.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuchunguza printa za ofisi, anza kwa ruhusa iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Kisha hesabu mashine zote, kwa sababu huwezi kulinda usichokijua. Mara nyingi utakuta moja iliyosahauliwa ghalani ambayo bado imeunganishwa. Kwa kila moja, jaribu neno la siri la kiwandani. Likikubaliwa, umekwisha kuona udhaifu wa kwanza. Angalia ni milango gani iliyo wazi, na uzibe isiyotumiwa. Simama mahali pa mgeni, katika mtandao wa wanafunzi au wa wageni, uone kama mashine yafikiwa kutoka huko. Haifai ifikiwe, na wala isionekane kutoka nje ya ofisi. Tazama kama programu yake ya ndani ni ya karibuni, kwani watengenezaji mara nyingi hutoa marekebisho udhaifu unapogunduliwa, lakini marekebisho hayajiingizi yenyewe katika kila mashine. Uliza diski imehifadhi nini, na kwa muda gani, na nani ataifuta siku mashine itakapouzwa. Mwisho, tumia macho yako tu: tazama sinia la karatasi. Utashangaa ni siri ngapi zimelala hapo tangu jana zikingoja mwenyewe.

Hayo si hiari tena. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kila ofisi katika Kenya iwekayo habari za watu yawajibika kuzilinda, shule pia. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Orodha ya mishahara na barua ya ugonjwa wa mtoto zina heshima ile ile. Mtu akupapo karatasi yake akupa amana, na amana haipungui kwa sababu imepita katika mashine.

Miezi mingi baadaye mama karani alikuja katika kibanda changu hapa Tala. Alikuwa amekaribia kustaafu, na mkononi alikuwa na bahasha ya hati zake za pensheni alizotaka zitolewe kopi. Sikujua nimtazame vipi. Alikaa, akafungua bahasha, kisha akaishikilia kifuani na kuitazama mashine yangu. Akauliza, "Mwanangu, na hii umeifunga?"

Nilimwonyesha. Nilimfungulia ukurasa wa mashine akaona unavyodai neno la siri, na kwamba la kiwandani lakataliwa. Nilimwonyesha kwamba haihifadhi hati, na kwamba ikisha kutoa kopi hufuta. Alitazama kila jambo bila haraka, kama alivyoniomba mimi siku ile nitazame. Aliporidhika, alinipa karatasi zake moja moja, nami nikamrudishia moja moja, na nakala zake.

Tangu siku hiyo, kila niingiapo katika ofisi, mashine iliyo pembeni huichungulia kwanza. Nawe, msomaji, utakapoketi siku moja katika ofisi yako, ukapewa karatasi ya mtu mwingine uitie katika mashine, jiulize swali la mama yule kabla ya kubonyeza.